Ruzuku ni Haki, si Zawadi: Funzo la Kamĩrĩĩthũ



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya fedha za umma na elimu ya sanaa vijijini. Tunajua wapo watakaouliza: katika nchi ambamo mgonjwa hutumwa akajinunulie dawa na mzazi hakosi deni la karo, kwa nini tuzungumzie ngoma na michezo ya kuigiza? Swali hilo linastahili jibu. Ili kulijibu, hatuna budi kurudi Limuru.

Mwaka 1976, wakazi wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ walianzisha kituo cha elimu na utamaduni. Kijiji chenyewe kilizaliwa wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, watu walipohamishwa kwa nguvu kutoka makwao. Miongoni mwa wakazi wake walikuwamo vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa viwandani, wakulima wa vishamba vidogo na watu wasio na kazi. Kazi ya kwanza ya kituo ilikuwa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na ni katika juhudi hizo ndipo mchezo wa kuigiza ulipochipuka. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda kwa lugha ya Kigĩkũyũ, na wanakijiji wakausahihisha. Waliojua lugha wakarekebisha usemi, waliojua nyimbo za kale wakazifundisha. Mazoezi yalifanywa hadharani, kila mpita njia akiwa na ruhusa ya kukosoa. Hatimaye wakajijengea, kwa mikono yao wenyewe, ukumbi wa wazi wa kutosha watu 2,000 na zaidi. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977.

Hiyo ndiyo elimu tunayoizungumzia. Mtu aliyezoea kunyamaza mbele ya wakubwa alijifunza kusimama mbele ya umati na kusema. Mtu wa namna hiyo hatashindwa, siku ya pili, kusimama katika baraza na kuuliza dawa za zahanati zimekwenda wapi. Basi sanaa haishindani na dawa wala karo. Ni shule ya wale watakaozidai.

Wenye mamlaka wa siku zile walilifahamu jambo hilo upesi. Tarehe 16 Novemba 1977 kibali cha maonyesho kilifutwa. Tarehe 31 Desemba mwaka uo huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978. Kijiji hakikukata tamaa. Mwaka 1982 kilitayarisha mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, kikatumaini kuuonyesha katika Jumba la Maigizo la Kitaifa mjini Nairobi. Mwezi wa Februari waigizaji walifika wakakuta milango imefungwa. Wakafanya mazoezi yao katika Chuo Kikuu cha Nairobi, watu wakamiminika kuwatazama, hadi huko nako wakazuiwa. Tarehe 12 Machi 1982 polisi wenye silaha walifika Kamĩrĩĩthũ wakaubomoa ule ukumbi hata ukawa tambarare.

Ndugu zetu, yatazameni mambo hayo mawili kwa pamoja. Jumba la Nairobi lilikuwa mali ya umma, likafungwa mbele ya umma. Ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ulikuwa jasho la wanakijiji, nao ukabomolewa. Tangu siku hizo kuna msemo miongoni mwetu kwamba kikundi cha sanaa kisiguse fedha ya serikali, kwa kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Twauheshimu uchungu uliozaa msemo huo. Lakini Kamĩrĩĩthũ haikutegemea cha ndugu, na bado haikuponea. Kujitegemea peke yake hakukuwa ngao. Kilichokosekana ni sheria ambayo hata mkubwa angeiogopa.

Tena, fedha ya umma si cha ndugu. Mama anayenunua sukari na kijana anayenunua muda wa simu hulipa kodi, wajue wasijue. Ruzuku ikirudi kijijini, ni chao kinachowarudia. Atakayesimama jukwaani na kuwataka washukuru kwa magoti, huyo anawauzia mbuzi wao wenyewe.

Je, hali yetu imebadilika? Katika maandishi, imebadilika sana. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na inaitaka Serikali ikuze fasihi na sanaa. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Kifungu cha 201 kinataka fedha za umma zitumiwe kwa uwazi na wananchi washirikishwe. Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inairuhusu serikali ya kaunti kuanzisha hazina maalum kwa idhini ya bunge lake.

Lakini maandishi hayajilindi yenyewe. Mwezi wa Aprili 2025, katika tamasha la kitaifa la maigizo ya shule huko Nakuru, wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere walifika na mchezo wao, Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kuuonyesha. Mwandishi wake alikamatwa, polisi wakarusha vitoa machozi, na wasichana wale wakaimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Mei, Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki dunia nchini Marekani. Aliyeyaona ya mwaka 1982 aliishi hadi kuyaona ya mwaka 2025.

Kwa hiyo hatusemi tu, "Tupeni fedha." Twataka ruzuku yenye masharti manne, nayo yatoke kwetu.

Kwanza, ruzuku iwekwe na sheria ya bunge la kaunti, isiwe bahasha ya gavana wala ya mwakilishi wadi. Kinachotolewa kwa hisani hunyimwa kwa hasira.

Pili, wanaogawa wasiwe wanaogombea kura. Iundwe kamati yenye walimu, wasanii, viongozi wa dini na vijana, na majina ya waliopewa na walionyimwa yabandikwe hadharani pamoja na sababu.

Tatu, mfadhili akague hesabu, asikague wimbo. Ana haki ya kuuliza kama mwalimu wa ngoma alilipwa na kama mabati yaliezekwa. Hana haki ya kuuliza kwa nini mchezo umemcheka chifu.

Nne, kila kikundi kiweke hesabu safi, stakabadhi kwa stakabadhi. Kikundi kinachodai uwazi kwa serikali huku kikificha daftari lake kitanyamazishwa mchana kweupe, na hakutakuwa na wa kukitetea.

Waumini wenzetu, ninyi mna kumbi ambazo husimama tupu siku nyingi za wiki. Zifungueni kwa watoto na vijana wa mtaa mzima, bila kuuliza dhehebu. Palipo na mahali pa mazoezi, ruzuku ndogo hufanya kazi kubwa, maana haiishii katika kodi ya nyumba.

Nanyi wanaharakati, shikeni kalenda kama mkulima anavyoshika majira. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Hati ya mkakati wa fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Atakayeamka mwezi wa Juni atakuta chakula kimekwisha kupakuliwa. Nendeni mapema, nendeni wengi, mkiwa na ukurasa mmoja ulioandikwa: mnafundisha nini, mnafundisha nani, mnahitaji kiasi gani. Mwombe nakala iliyopigwa muhuri, mwihifadhi.

Ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ulibomolewa kwa siku moja, kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyosimama mlangoni. Sasa sheria ipo. Kazi iliyobaki ni yetu sote: kusimama mlangoni pamoja nayo.