Almasi kwenye Ncha ya Keekee: Hotuba kwa Mafundi wa Boti, Lamu

Zamani keekee ilitoboa mbao za jahazi. Leo inatoboa pia faiba, ambayo nyuzi zake za kioo hula ncha upesi.

Viwandani ncha huvikwa almasi. Haidrojeni yenye methani kidogo, kama asilimia 1, hupitishwa kwenye waya wa tungsteni wenye joto la nyuzi 2,000 hivi za Selsiasi. Kaboni hutua juu ya ncha, ikaota ganda la almasi jembamba kuliko unywele.

Lakini ncha hiyo si ya chuma: kikipata moto, chuma hunyonya kaboni na almasi huliwa. Fundi aitenge kwa faiba tu, pesa zake zisipotee. Na vumbi la faiba hudhuru mapafu, avae barakoa.