Pengo Kwenye Daftari la Uloto

Mwaka 1974, Shirley Nolan alianzisha jijini London daftari la kwanza duniani la watu walio tayari kumchangia uloto mgonjwa wasiyemjua. Mwanawe, Anthony, alifariki mwaka 1979 bila kupata wa kulingana naye, lakini daftari likabaki na kukua. Tatizo ni kwamba ulinganifu hufuata nasaba, na wengi walioandikishwa wana asili ya Ulaya. Nchini Marekani, daftari la taifa linakadiria kuwa mgonjwa mweupe ana nafasi ya asilimia 79 ya kumpata anayelingana naye kikamilifu; mweusi, asilimia 29. Vinasaba vyetu Waafrika vina aina nyingi zaidi, kwa hiyo tunahitajika wengi zaidi, na tumo wachache.

Wapo wanaohofia kutobolewa uti wa mgongo. Hakuna anayeugusa. Kujiandikisha ni kusugua kijiti cha pamba ndani ya shavu, basi. Akiitwa, kwa kawaida mchangiaji hudungwa sindano siku chache, mifupa ikamuuma kama mwenye mafua makali, kisha hukaa kitini saa kadhaa, damu ikitoka mkono mmoja, ikapita kwenye mashine na kurudi mkono wa pili. Wengine husema ndugu watasaidiana. Lakini ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Mashirika yanayotunza madaftari haya nayo yasisubiri kufuatwa: yawaendee vijana wetu wa Leicester, Uingereza, na Minneapolis, Marekani, misikitini na makanisani, yakizungumza Kiswahili.