Sumukuvu: Mtafiti Aseme Nini, na kwa Nani?

Hotuba kwa watafiti, maafisa wa ugani na maafisa wa afya ya jamii



Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua huko Makueni, Kitui na maeneo jirani baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Watu 125 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe, waliyoyavuna kwa mikono yao na kuyaweka nyumbani yakiwa bado na unyevu.

Wakati huo sumu hii haikuwa ngeni kwa wanasayansi. Ilitambuliwa Uingereza mwaka wa 1960, batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa kwa kula chakula kilichochafuka. Hapa Kenya iliua watu 12 Machakos mwaka wa 1981. Kwa hivyo elimu ilikuwepo kwa zaidi ya miaka 40. Sehemu kubwa ya elimu hiyo ilikaa katika majarida ya Kiingereza na haikufika ghalani wala jikoni.

Jambo hili linawahusu Embu na Meru moja kwa moja. Mkulima wa Mbeere Kusini akitazama ng'ambo ya Mto Tana anaiona Kitui. Jua ni lile lile, mvua za kubahatisha ni zile zile, na mahindi yanayoteswa na kiangazi shambani ndiyo kuvu huyapenda. Sehemu za chini za Tigania na Igembe nazo haziko mbali na hali hiyo. Utafiti unafanywa karibu kabisa: KALRO ina kituo Embu mjini, kuna Chuo Kikuu cha Embu, na kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Kilichobaki ni safari ya kutoka maabara hadi barazani, na safari hiyo ina mabonde mengi kuliko barabara ya Kiritiri.

Chukueni kipimo chenyewe. Sheria ya Kenya inaruhusu mahindi yenye sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mtafiti akisimama mbele ya baraza la chifu Siakago akaitamka sentensi hiyo, wazee watatikisa vichwa kwa heshima, kisha watarudi nyumbani bila kitu. Bilioni wameisikia katika bajeti ya serikali, nayo ni kubwa. Sasa mtafiti huyo huyo aseme hivi: katika gunia zima la kilo 90, sumu inayoruhusiwa haifiki hata miligramu moja, yaani kama chembe chache za chumvi. Hapo mkulima anaelewa mara moja kwa nini macho yake hayawezi kuiona sumu, na kwa nini punje safi kwa sura inaweza kuwa na hatari.

Hata hivyo, mfano mzuri peke yake hautoshi. Kabla ya kuchagua maneno, mtafiti ajiulize msikilizaji huyu ana uamuzi gani mkononi mwake. Mkulima hana mashine ya kupima sumu, kwa hivyo hesabu ya bilioni haimsaidii kuamua chochote. Uamuzi wake ni kama mahindi yamekauka kiasi cha kuingia ghalani au bado. Hilo linajibiwa kwa chupa na chumvi. Achukue chupa ya kioo iliyokauka vizuri, atie mahindi kiasi cha gao moja na kijiko cha chumvi kavu, atikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani. Ikianguka chini yote, yako karibu na ukavu unaotakiwa. Maghala makubwa hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na hupima kwa mashine. Chupa haina usahihi huo, lakini iko katika kila boma, na afisa wa ugani anaweza kuionyesha barazani huku watu wakitazama. Onyesho la dakika 20 litakumbukwa kuliko slaidi 40. (Watafiti wasikasirike, slaidi zina mahali pake.)

Mama wa nyumbani ana swali tofauti: je, nikipika sana itaisha? Hapa jibu liwe fupi na lisizungushwe. Haiishi. Moto unaua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kuachwa na kuvu hubaki. Githeri ikichemka usiku kucha, sumu iko pale pale. Kukoboa mahindi ili kupata muthokoi hupunguza sumu kwa sababu nyingi hukaa katika ganda na kiini, lakini hakuiondoi yote. Mtafiti anayefundisha kwamba kuvu ni kitu kimoja na sumu ni kitu kingine amefanya kazi kubwa kuliko anayetaja majina ya Kilatini.

Kwa mfugaji wa Imenti, mazungumzo yaanzie zizini. Katika boma nyingi, mahindi yaliyoharibika hayatupwi, hupewa ng'ombe au kuku, na kwa mtazamo wa uchumi wa nyumba hilo lina mantiki. Ila ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hutoka katika maziwa. Mfugaji anayeuzia chama cha ushirika ataisikia habari hiyo haraka kuliko onyo la jumla kuhusu afya, kwa kuwa inagusa maziwa anayopeleka kila asubuhi, na chai ya watoto wake.

Mfanyabiashara wa Ishiara au Gakoromone ndiye anayehitaji ile hesabu ya bilioni, tena na maelezo ya sampuli. Sumu haisambai sawasawa guniani. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na gunia la jirani likawa safi. Ndiyo maana shehena hupita kipimo leo na kukataliwa kesho, naye mfanyabiashara akadhani amehujumiwa au ameombwa kitu kidogo. Akielezwa mapema kwamba sampuli huchotwa sehemu nyingi za shehena na kuchanganywa kabla ya kupimwa, atajua la kudai na la kukubali.

Mwaka wa 2021 ulionyesha gharama ya kuandikia msikilizaji mmoja na kusahau wengine. Tarehe 5 Machi, barua ya mamlaka ya kilimo kwa idara ya forodha ilisimamisha uagizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Barua ilikuwa ya kitaalamu, kwa ofisi moja. Lakini ilisomwa na wenye malori mipakani, na serikali mbili za jirani, na wakulima wa nchi tatu, kila mmoja kwa tafsiri yake. Baada ya siku chache mpaka ulifunguliwa tena kwa masharti, likiwemo cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi kiwango. Laiti masharti hayo yangetangazwa pamoja na tatizo, kwa lugha ya mwenye lori.

Kuhusu wawakilishi wadi, mtafiti asiwape historia ya kuvu. Wanapitisha bajeti, na wanataka kujua wadi gani, familia ngapi, mashine ya kukaushia itagharimu kiasi gani na nani atailipia mafuta msimu wa pili. Ukurasa mmoja unatosha. Kinachozidi hapo hakisomwi.

Jaribio gumu zaidi la mawasiliano ni Aflasafe. Bidhaa hii, ambayo ya Kenya ilisajiliwa mwaka wa 2015, ni punje za mtama zilizopakwa kuvu wa jamii ile ile, ila wasiotoa sumu. Hunyunyizwa shambani kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, ili kuvu hao watangulie kushika nafasi. Mkulima akiuliza, "Yaani mnatuletea kuvu shambani?" jibu ni ndiyo. Mtafiti asilifiche neno hilo nyuma ya "teknolojia ya kibayolojia". Aseme ni kama kiti katika matatu: akikikalia abiria mwema, mwizi hana pa kukaa. Akificha, siku mkulima atakapojua kwa njia nyingine, hataamini hata habari ya chupa na chumvi.

Lugha nayo ina uzito. Kuna mambo ambayo mzee wa Mbeere atayauliza kwa Kimbeere tu, na redio kama Muuga FM na Wimwaro FM huingia mahali ambapo jarida hili haliingii. Mtangazaji apewe maelezo siku moja kabla, aketi na mtafiti wakubaliane jina moja la sumu hii. Majina matatu katika kipindi kimoja yatawafanya wasikilizaji wadhani kuna magonjwa matatu.

Tena redioni swali moja huja karibu kila mara: je, ndiyo inayodumaza watoto? Mtafiti atenganishe yaliyothibitishwa na yanayochunguzwa. Kwamba sumukuvu husababisha saratani ya ini, hilo limethibitishwa. Kudumaa kwa watoto kunahusishwa nayo, na tafiti zinaendelea. Halafu asiishie hapo, kwa sababu mama aliyepiga simu ana uji wa kupika jioni hiyo hiyo. Amwambie achambue mahindi kabla ya kupeleka kusaga, atoe punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, na hizo asimpe ng'ombe wala kuku.