Wewe ni Nani? Juu ya Kuchagua Shujaa wa Kiume au wa Kike katika Michezo ya Tarakilishi



Nimealikwa kusema mbele ya hadhara hii juu ya jambo ambalo wengi wa rika langu hulihesabu kuwa la watoto, nami nimeupokea mwaliko kwa moyo mkunjufu, kwa sababu nililiona jambo hilo likitendeka juu ya meza ya kulia chakula nyumbani kwa dada yangu, mtaani Amalemba hapa Kakamega, na tangu siku ile halijaniacha.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 15, alikuwa amefungua katika kipakatalishi kikuukuu mchezo uitwao Skyrim, uliotolewa mwaka 2011. Mchezo huo huanza na gari la farasi liendalo polepole, lenye mateka wanne waliofungwa mikono, na mchezaji ni mmoja wao, ingawa bado hana sura wala jina. Gari hufika ngomeni ambako gogo la kukatia vichwa limekwisha kuwekwa tayari. Askari mwenye orodha huita mateka mmoja mmoja, na amfikiapo mchezaji, ambaye jina lake halimo, humwuliza: wewe ni nani? Hapo dunia nzima husimama. Mkata vichwa hungoja, na mchezaji, akiwa hatua chache kutoka mautini, hupewa wasaa wa kuchagua taifa lake kati ya mataifa 10, jinsia yake, umbo la pua, rangi ya macho na hata kovu la shavuni. Mpwa wangu alichagua mwanamke, akakaa karibu nusu saa akimtengeneza nyusi.

Nilimwuliza sababu. "Mjomba," akasema bila kuondoa macho kiooni, "nikicheza mwanamume huwa najicheza mwenyewe, na huyo namjua tayari. Huyu simjui." Dada yake mdogo, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni pa jikoni, akadakia kwamba yeye pia humchagua mwanamke katika mchezo huo, lakini si kwa sababu hiyo: "Gemu zingine zote nimecheza kama mwanamume, na hakuna aliyeniuliza."

Watoto wawili wa tumbo moja walifanya chaguo moja kwa nia zisizokutana. Kaka alitoka nje ya nafsi yake, na dada alirudi ndani ya yake. Naomba mlikumbuke hilo kila mtu awasomeapo hesabu ya wachezaji waliochagua hiki na waliochagua kile, kwa maana hesabu hutuambia mkono ulibonyeza nini, wala haituambii moyo ulikuwa unakwenda wapi. Mtafiti Nick Yee, aliyewachunguza wachezaji wa World of Warcraft, alikuta wanaume huvaa sura ya kike mara nyingi zaidi kuliko wanawake wavaavyo ya kiume. Wako miongoni mwao wasemao waziwazi kwamba, maadamu watautazama mgongo wa mhusika kwa saa nyingi, afadhali uwe mgongo wa mwanamke. Sababu hiyo hainipendezi, kwani humfanya shujaa kuwa pambo. Lakini namwomba mzazi asidhani ndiyo pekee iliyopo, akamkemea mtoto aliyekuwa anajaribu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kuishi kitambo katika hali ya mwingine.

Hiari hii ina historia yake, na mwanzo wake haukuwa wa insafu. Kabla ya tarakilishi kuingia majumbani, watu walicheza michezo ya kuigiza nafsi kwa karatasi, kalamu na dadu, na mama wa michezo hiyo ni Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kitabu cha mchezaji kilichochapishwa mwaka 1978 kilimruhusu mtu kuwa mwanamke, ila kikamwekea mpaka wa nguvu: mpiganaji wa kiume wa jamii ya binadamu aliweza kufikia 18 na juu yake asilimia 100, na mwenzake wa kike akakomea 18 na asilimia 50. Kanuni ile ilidumu mpaka toleo la mwaka 1989. Mimi, niliyekulia karibu na msitu wa Kakamega, nikiwaona akina mama wakitoka kichakani alfajiri na mizigo ya kuni ambayo wanaume wawili tungesaidiana kuitwika, siwezi kuisoma kanuni hiyo bila uchungu, kwa sababu mwandishi wake alimfungulia mwanamke mlango kisha akamwandikia udhaifu kizingitini.

Kizuizi kingine hakikuwa cha kanuni bali cha jalada. Mwaka 2007 kampuni ya BioWare ilitoa Mass Effect, ambayo shujaa wake, Kamanda Shepard, aweza kuwa mwanamume mwenye sauti ya Mark Meer au mwanamke mwenye sauti ya Jennifer Hale, na maneno yao karibu yote ni yale yale. Mwaka 2011 kampuni ilieleza kwamba asilimia 18 tu ya wachezaji ndio waliomchagua mwanamke. Lakini hadi wakati huo jalada lilimwonyesha Shepard wa kiume tu. Sura ya mwenzake wa kike iliingia katika matangazo makubwa na jaladani mwaka 2012, sehemu ya tatu ilipotoka. Michezo hiyo ilipokusanywa na kutolewa upya mwaka 2021, waliomchagua mwanamke walikuwa asilimia 32. Sidai kuwa jalada pekee ndilo lililoleta tofauti, kwa kuwa miaka 10 hubadili mengi. Nadai tu kwamba mgeni aliyekwisha kusimamishwa mlangoni hupokewa kabla ya yule aliyefichwa chumbani, hata kama mwenye nyumba anaapa kuwa wote wawili wamealikwa.

Sasa nije katika rai iliyonileta hapa, nayo inahusu lugha.

Mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Metroid, mchezo wa shujaa aitwaye Samus Aran, aliyevikwa deraya kutoka utosini hadi nyayoni. Mchezaji aliyemaliza upesi alimwona shujaa akivua deraya, na ndani yake alikuwamo mwanamke. Siri hiyo ilipaswa kulindwa hadi mwisho, lakini kijitabu cha maelezo cha Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza ni taabu kumsimulia mtu bila kutaja yu wa kiume au wa kike, kilimwita Samus kwa kiwakilishi cha kiume. Kijitabu kililazimika kusema uongo ili siri isitoke. Kiswahili kisingelazimika: anaingia pangoni, anapigana, anashinda, a- ile ile ingembeba mwanamke na mwanamume kwa taadhima moja, kama ibebavyo katika Kilogooli, Kiisukha na ndugu zake wengi wa Kibantu.

Kwa hiyo swali la kiume au kike, ambalo michezo mingi ya kigeni huliuliza langoni, limetangulizwa kwa sehemu na lugha kama Kiingereza, ambazo hazipati raha mpaka zijue jibu. Lugha yetu haipati raha kwa jambo jingine. Mtu akiingia bomani kwa mzee hapa Kakamega, hatujui tumwamkueje mpaka tujue umri wake na ukoo wake: je, ni mtoto, ni rika, ni mkwe, ni mjukuu? Jinsia huja baadaye, nayo huja kwa nguvu kubwa, kwa sababu dada ya baba ni shangazi, au senge kama tusemavyo nyumbani, na kaka ya mama ni mjomba, yaani khotsa, na kila mmoja ana haki na wajibu ambao hauhamishiki. Tena mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mchezo uliofikiriwa kwa Kiswahili tangu mwanzo ungeuliza kwanza: wewe ni mtoto wa nani? Kisha ungeziacha salamu za wanakijiji, nafasi za kuketi msibani na neno la nani asemaye kwanza barazani zimjulishe mchezaji amechagua kuwa nani.

Wala tusijisifu. Lugha isiyobagua katika kiambishi haikutuzuia kubagua katika urithi wa shamba, na katika ngano nyingi tulizosimuliwa na akina kukhu, yaani bibi zetu, aliyemezwa na zimwi alikuwa msichana na aliyelipasua zimwi alikuwa kaka yake.

Wako waliokwisha kuchagua tofauti. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi, ambao shujaa wake ni mwanamke atafutaye vitu vya kale; mchezaji haulizwi lolote, hupewa Nyangi na kwenda naye. Miaka miwili baadaye Kirinya alishirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts. Nyangi ananikumbusha Shaaban Robert, aliyeweza kuandika wasifu wa sultani au shekhe yeyote, akamwandika Siti binti Saad, mwimbaji aliyetoka katika ufukara. Huko nako ni kuchagua shujaa.

Nami nikiombwa nichague, ningechagua kisa cha Fumo Liyongo, lakini si Liyongo mwenyewe. Wasimulizi wa pwani husema kwamba alipotiwa gerezani, mama yake alimtuma kijakazi, Saada, kumpelekea chakula. Walinzi wakala vilivyo vizuri na kumwachia mkate wa wishwa, na ndani ya mkate ilikuwamo tupa, ambayo kwayo Liyongo alikata minyororo huku vigoma vikilia nje na kuufunika mlio wa chuma. Kila mtu angetaka kuwa lile pande la mtu, mshairi na bingwa wa mishale. Lakini mchezo wote umo katika hatua za Saada: apite lango gani, ainame kiasi gani, aseme nini walinzi wakinyosha mkono kuelekea mkate, na ajizuie vipi asiutazame.

Nilipowasimulia wapwa wangu kisa hicho, kijana alisema hakuna vita vya kutosha ndani yake. Dada yake aliweka kisu chini. "Mjomba, huyo Saada alijua mkate una tupa?" Kabla sijajibu alikuwa amekwisha kufuta mikono, akachukua daftari la hesabu na kuchora mlango, walinzi wawili, na mtu mwenye sinia kichwani, ambaye uso wake aliuacha mtupu huku akifikiri.