WANAOZIMA MOTO MLIMANI NAO WAHUDUMIWE

Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa viongozi wa diakonia wa sharika za mlimani





Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo. Mamia walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanavijiji wetu. Oktoba 2022 wakapanda tena. Walipiga moto kwa matawi, wakafyeka njia za kuuzuia, hewa ikiwa hafifu na usiku baridi kali. Moto wa kule una hila. Hujificha kwenye mizizi, kesho ukaibuka pale pale ulipouzima jana. Hilo linachosha mwili, na moyo zaidi.

Moto ukishazimika tunahesabu hekta. Ni nani anayehesabu waliokosa usingizi?

Mtu anashtuka akisikia harufu ya moshi, hata wa jikoni. Anakuwa mkali kwa mke na watoto, anajitenga, anazidisha mbege. Wengine husema amelegea, au huambiwa aombe zaidi. Maombi ni lazima, lakini tusome pia 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kwenye ushindi wa moto wa Karmeli, naye anaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Safari ilikuja baadaye.

Ndiyo maana tunaomba kila usharika utenge fungu na kuleta watu wawili wapate mafunzo ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Kazi yao haitakuwa kumlazimisha mtu asimulie aliyoyaona. Kulazimisha kunaweza kumwumiza zaidi. Watamtembelea, wahakikishe anakula na kulala, wamsikilize akitaka kusema. Dalili zikizidi mwezi mmoja, asindikizwe hospitali. Nasema asindikizwe, kwa sababu mwanaume wa huku ukimwelekeza tu, ataishia kilabuni. Na anayesema hataki kuishi asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Najua kuna watakaosema fungu la diakonia ni la wajane na yatima. Ni kweli. Lakini baba asiyelala, anayekunywa kila siku, nyumba yake inaelekea huko huko.

Fomu za majina ziko kwa katibu. Naomba zijazwe kabla ya chakula cha mchana, ili mafunzo yafanyike kabla ya ukame wa Agosti hadi Oktoba.