Samaki Wetu na Soko la Nje: Jinsi Faida Inavyoweza Kudumu

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kisian



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya jambo linalogusa nyumba zetu zote: biashara ya samaki wanaouzwa nchi za nje, na namna ya kuifanya faida yake idumu. Yako mbele yenu leo maombi ya kutoa akiba ya Chama ili inunuliwe mitumbwi na nyavu zaidi. Naomba tuyapime kwanza.

Mbuta si mwenyeji wa ziwa hili. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akaongezeka sana katika miaka ya 1980. Viwanda vya kukata minofu vikajengwa Kisumu, na minofu ikapelekwa Ulaya. Fedha zilikuja. Lakini aina nyingi za fulu zilitoweka, na nyama ya mbuta ikasafiri ikituachia mifupa. Akina mama wa Obunga waliichukua mifupa hiyo, ambayo mji wote huiita mgongo wazi, wakaikaanga na kuiuza, wakalea watoto. Hao wametufundisha somo la kwanza la uchumi, ya kuwa mali huongezeka pia kwa kazi iliyotiwa katika kitu kilichokwisha kupatikana.

Wataalamu hutumia neno tija, yaani kipimo cha kile kipatikanacho kwa kazi ya mtu mmoja katika siku moja. Tuchukue mfano. Wavuvi wanne watoka usiku, nao waleta asubuhi kilo 20. Kwa kukosa barafu, kilo 5 zaharibika kabla mnunuzi hajafika. Robo imepotea, ndiyo kusema mmoja wa wale wanne amekesha majini bure. Tukinunua mtumbwi wa pili wenye watu wanne wengine, watakaokesha bure watakuwa wawili. Tukinunua barafu, kilo 20 zitauzwa zote, wala hatatolewa ziwani hata samaki mmoja zaidi.

Tena, soko la nje ni mnunuzi mwenye macho makali. Kati ya mwaka 1997 na 2000 nchi za Ulaya zilizuia samaki wa ziwa letu zaidi ya mara moja: kwa habari ya vijidudu, kwa hofu ya kipindupindu, na kwa sababu ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Kazi ya viwanda ikapungua, na hasara ikamfikia hata mvuvi ambaye hakutia sumu yo yote majini. Njia ilifunguka tena baada ya ukaguzi na usafi kutengenezwa. Basi usafi wa ufuo ni sehemu ya bei.

Tutazame na mbali. Mwaka 1970 nchi ya Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za samaki wadogo waitwao anchoveta, waliosagwa unga wa kulishia mifugo ya nchi za nje. Hapakuwa na taifa lililovua zaidi. Mwaka 1972 maji ya bahari yakapata joto, na samaki waliokwisha kupunguzwa na nyavu hawakustahimili. Mavuno yakaanguka, na viwanda vikabaki na mashine pasipo kazi. Wahenga walisema: chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Kenya ina sehemu 6 tu katika 100 za ziwa hili. Hatuwezi kutajirika kwa kushindana kwa wingi wa nyavu. Nchi tatu za ziwa zilikubaliana kwamba mbuta asiyefika sentimita 50 asivuliwe, kwa maana jike akikomaa hutaga mayai kwa mamilioni. Wako wasemao, "Nikimwacha mimi, atamchukua jirani." Neno hilo ni kweli kwa mtu mmoja, ndiyo sababu watu huungana katika chama.

Najua pia vijana wetu wengi hawana kazi, na mtumbwi huonekana kuwa kazi iliyo karibu. Lakini kutengeneza injini, kukausha omena juu ya vichanja, kuhifadhi na kupima samaki, hizo nazo ni kazi, na hazipunguzi ziwa.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, akiba inunue masanduku ya barafu na mizani ya Chama. Pili, mwanachama akopeshwe wavu wa halali na Chama, kwa maana akopeshwaye na mnunuzi hufungwa kumwuzia kwa bei aitakayo mnunuzi. Tatu, kilo na bei ziandikwe kila siku, na sehemu ya faida iwekwe kwa mafunzo ya ufundi ya vijana, ili soko la nje likifungwa tena, tusiwe watu wa riziki moja.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mitumbwi yaweza kununuliwa mwaka wo wote. Lakini samaki akiisha, hakuna duka la kumnunulia. Naomba Mkutano uamue hivyo.