Kusimamisha Tela Penye Mteremko

Leo nataka kusema nanyi juu ya kusimamisha tela la mizigo penye mteremko. Wengi hulifungua kwanza katika motokaa, kisha ndipo watafute mawe. Hilo ni kosa la hatari. Maana tela lililofunguliwa likianza kushuka, hakuna mkono wa mtu uwezao kulizuia.

Fuateni taratibu hii. Kwanza, tela lingali limefungwa, livuteni polepole hata gurudumu la upande ulio chini lipande juu ya ubao mpana, mpaka pimamaji ya seremala ionyeshe kuwa pande mbili zimelingana. Pili, kazeni kabari nene za mti mbele na nyuma ya magurudumu. Tatu, ndipo mlifungue, mkainue au kushusha kichwa chake kwa jeki iliyosimama juu ya ubao imara, si juu ya udongo mtupu.

Kumbukeni: gurudumu lililoinuliwa juu ya ardhi, breki yake haizuii kitu. Kwa hiyo asiingie mtu chini ya tela lishikwalo na jeki peke yake. Litegemezeni kwanza kwa magogo. Nao watoto wasimame mbali, wala wasikae upande wa chini.

Kukaza kabari ni kazi ya dakika chache. Mguu uliopondwa ni msiba wa maisha.